Punda Aliyechoka Kuheshimiwa

Mji mzima wa San Lázaro, kule Texas kusini, ulimwita Baldemar Treviño kwa jina la Punda kwa zaidi ya miaka arobaini, na Baldemar aliitika bila kununa. Mtu akipita barabarani akaita "Punda", aligeuka haraka kuliko akiitwa kwa jina alilobatizwa. Jina la ubatizo aliachiwa mkewe, Oralia, naye alilitumia pale tu mumewe alipokuwa amekosea.

Chanzo cha jina hilo kilijulikana na kila mtu. Goti la kushoto la Baldemar lilikuwa gumu, halikunjiki, kwa hiyo alipotembea aliuzungusha mguu kwa nje kwanza kisha akauweka chini. Ujanani alipelekwa vitani Vietnam, na kwa maelezo yake mwenyewe, vita vyote alivimaliza jikoni akimenya viazi. Akarudi mzima, akaenda moja kwa moja shambani kumsalimia mjomba wake, na siku hiyo hiyo punda wa mjomba akamtandika teke la goti.

"Kule maadui wamenikosa wote," aliwaambia wanaume waliokuwa wamekaa kwenye duka la matairi la mzee Sáenz, siku ya kwanza alipotokea mjini na fimbo. "Nimekuja kupatikana na punda wa ukoo."

Watu walicheka wakashika mbavu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Nicanor, mtoto wa mwenye duka, rika lake Baldemar. Nicanor ndiye aliyeanzisha kulia kama punda. Tangu siku hiyo Baldemar akikosea kete kwenye dhumna, Nicanor analia. Akichelewa misa, Nicanor analia, tena kanisani, kwa sauti ya chini, nyuma ya kitabu cha nyimbo. Siku Baldemar alipomwoa Oralia, Nicanor alikodi punda mwenyewe, akamvika kofia ya majani na tai, akamleta ukumbini na kushikilia kwamba lazima apigwe picha upande wa ndugu wa bwana harusi. Picha ile iko sebuleni kwa Baldemar mpaka leo. Mama yake Oralia alikufa hajasamehe.

Msidhani Baldemar alikuwa mnyonge wa kuonewa. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko moto wa mashine yake. Watu waliposema mageti yake yote yameegemea upande kwa kuwa fundi mwenyewe ameegemea upande, alijibu kwamba geti ni kama mke, linaelewana na aliyelilipia. Nicanor aliporithi duka na kung'oka meno, Baldemar alimpa jina la Askofu, kwa sababu meno yake ya dukani yaliwahi kumtoka na kuangukia kwenye sufuria la supu ya utumbo mbele ya askofu halisi. Baadaye Baldemar akamsimamia mtoto wa kwanza wa Nicanor kwenye ubatizo, wakawa wanaitana compadre, ambalo kwa watu wa kule ni undugu wa kweli, na matusi yakazidi kunoga. Kila jioni baada ya kazi walikaa nyuma ya duka la matairi, wao wawili pamoja na Elpidio kinyozi na Lalo, shemeji yake Nicanor, wakicheza dhumna na kuchambana. Baldemar hakuwa na starehe nyingine, wala hakuitafuta.

Kilichokuja kuharibu mambo ni upendo wa mtoto. Binti yake, Imelda, alifanya kazi kwenye ofisi ya wilaya inayotoa vibao vya namba za magari. Siku moja alikwenda kwa wazazi wake kuchukua gauni la ubatizo, akapekua kabati la mama yake, na chini ya mashuka akakutana na nishani. Ilikuwa ile wanayoiita Moyo wa Zambarau. Nchi ile humpa askari aliyejeruhiwa na adui, na haitolewi kwa mtu aliyepigwa teke na punda.

Imelda alimfuata mama yake jikoni na nishani mkononi. Oralia aliitazama, akaendelea kusukuma chapati zake za ngano.

"Mama, baba alijeruhiwa vitani?"

"Mimi naujua mguu ule tangu usiku wa harusi," Oralia alisema. "Kuna vipande vya chuma humo ndani mpaka leo. Punda gani anapiga teke la chuma?"

"Na miaka yote umenyamaza?"

"Alitaka kuwa punda. Nimeolewa naye hivyo hivyo."

Imelda alilia pale pale, akajipangusa, na kwa kuwa ni mtoto wa baba yake, akaanza kupanga njama. Alimsainisha mzee karatasi akimwambia ni za bima ya gari. Siku ya kuzaliwa ya mzee, watu wamekaa uani wanakula nyama, alimfunga baba macho kwa kitambaa cha jikoni, akamwongoza mpaka nyuma ya pikapu yake, akakifungua kitambaa. Pale palipokuwa na kibao cha zamani palikuwa na kipya, kina picha ya moyo wa zambarau na maneno yanayomwambia kila dereva atakayesimama nyuma kwenye taa kwamba mwenye gari hili alimwaga damu kwa ajili ya nchi.

Elpidio kinyozi alivua kofia. Nicanor alikuwa na mfupa mkononi, akaurudisha kwenye sahani taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Imelda alimkumbatia baba yake huku machozi yanamtiririka, akasema anajivunia kuwa mwanawe. Ungekuwa wewe, ungechukua bisibisi ukaking'oa kibao kile mbele ya mtoto anayelia hivyo? Baldemar naye hakuweza. Na hata angeking'oa, tayari walikuwa wamekiona.

Sasa niseme ukweli, maana Baldemar mwenyewe huusema: wiki ya kwanza alifaidi. Alikwenda kunywa kahawa kwenye mkahawa wa Chelo, akaagiza mayai na maharage, na alipotaka kulipa akaambiwa kuna mtu ameshalipa, hakutaka jina lake litajwe. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kesho kutwa akaongeza soseji. Jumapili kwenye foleni ya barbacoa, ile nyama ya kichwa cha ng'ombe inayookwa shimoni na kugombaniwa na mji mzima kabla ya misa, watu walifungua njia wakamsogeza mbele. Mwanamke mmoja alimshika mkono akasema, "Ahsante kwa utumishi wako," akaondoka anafuta macho. Baldemar alikula mayai ya watu kwa hamu nzuri tu.

Lakini aligundua jambo. Kwenye ile foleni, siku zote, watu walikuwa wakitukanana. Ndipo mahali pa kujua nani kanenepa, nani kaachwa, nani kanunua gari bovu. Sasa alipofika, maongezi yalikatika. Walimwita Don Baldemar, neno la heshima la kule. Lile "Don" lilimkaa mwilini kama shati lililotiwa wanga mwingi, na kila aliyelitamka alilitamka huku amesimama wima.

Jumatatu jioni alikwenda kwenye dhumna akiwa na kiu ya kuchokozwa. Alianza yeye mwenyewe, tangu mlangoni.

"Askofu, leo meno umekuja nayo au umeyaacha yanalinda nyumba?"

Nicanor aliinuka, akafuta kiti kwa kitambaa. "Karibu ukae, Don Baldemar."

Ilikuwa kama kumwagiwa maji ya baridi. Baldemar alikaa. Walicheza bila matani, wanamwuliza kama feni inampuliza vizuri. Alishinda mchezo wa kwanza, akashinda wa pili, naye si mchezaji wa kushinda. Kwa miaka yote ile alikuwa akifungwa, na mji mzima ulijua. Akaingiwa na shaka. Kwenye mchezo wa tatu, mezani pakiwa na tano upande mmoja na mbili upande mwingine, alichukua kete yenye tatu pande zote mbili, isiyokubalika popote hapo, akaibandika kwenye tano, kweupe, akaipigilia kabisa kwa kidole.

Alisubiri. Lalo alitazama dari. Elpidio alikohoa. Nicanor aliitazama ile kete kwa muda, kisha akacheza kete yake kwenye tatu kana kwamba dhumna imechezwa hivyo tangu dunia iumbwe.

Baldemar alirudi nyumbani. Alielewa kilichokuwa kinatokea: alikuwa anawapoteza rafiki zake, nao hawakumfukuza wala hawakugombana naye, walikuwa wanampoteza kwa adabu. Akifa kesho, mazishi yatakuwa mazuri sana na hatakuwepo hata mmoja wa kumcheka. Nyumbani tu ndiko alikobaki mtu wa kawaida, kwa kuwa Oralia alijua siri tangu mwanzo na hakuwahi kuona sababu ya kumpunguzia.

"Vua viatu, unaniletea grisi ndani," Oralia alisema. "Umenuna nini?"

"Wananiheshimu."

"Maskini. Pole sana."

"Sitanii, mama. Nimecheza tatu kwenye tano, hakuna aliyesema kitu."

Oralia aliacha kukunja nguo, akamtazama. Hilo lilimgusa hata yeye. "Hata Nicanor?"

"Hata Nicanor."

"Basi heshima yako iharibu mwenyewe, mzee," alisema, akarudi kwenye nguo zake. "Kuharibu vitu hujawahi kushindwa."

Maneno hayo Baldemar aliyabeba akalala nayo, na alipoamka alikuwa na mpango. Mtu akivunja sheria huandikiwa faini, akiandikiwa faini huchekwa, na akishachekwa na mmoja, wengine hufuata. Hata walioapa kumheshimu wangeshindwa kuvumilia kuona Punda kakamatwa. Kilichotakiwa ni karatasi moja tu ya faini.

Alianza taratibu. Aliegesha pikapu mbele ya bomba la zimamoto, mahali ambapo hata askofu angeandikiwa faini, akaingia benki, akajichelewesha makusudi akiuliza habari za mikopo asiyoihitaji. Alipotoka alikuta vijana wa zimamoto wamelizunguka gari. Akajiambia, sasa. Walikuwa wanaliosha. Mmoja alikuwa amechuchumaa anakisugua kile kibao kwa mswaki.

Akahamia kanisani. Padre alikuwa na sehemu yake ya kuegesha, chini ya kivuli pekee cha uwanja ule, na aliilinda kwa wivu usiofaa kwa mtu wa Mungu. Baldemar alikwenda Jumapili mapema akaegesha pale pale, kwa mshazari, akachukua sehemu mbili. Padre alisimama mbele ya ile pikapu, akakisoma kibao, akaenda kuegesha gari lake juani. Jumapili iliyofuata Baldemar alikuta sehemu ile imepakwa rangi mpya na imeandikwa jina lake, na kwenye matangazo padre akawaambia waumini wote wampigie makofi. Nyuma yake Oralia alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanacheka.

Ndipo akaamua kufanya kosa kubwa. Barabara ya Hidalgo ni ya upande mmoja, kila mtu anajua, hata mbwa wa pale huangalia upande mmoja tu wakivuka. Mchana, watu wamejaa, Baldemar aliingia Hidalgo kwa upande usio wake, taratibu, akipiga honi ili asikose mashahidi. Hakufika mbali kabla ya kuona taa za polisi zinawaka. Alikuwa Rigo Benavides, askari kijana ambaye babu yake alikuwa akicheza dhumna pale pale kwenye matairi. Baldemar alijaa furaha, akatoa leseni kabla hajaombwa.

Rigo hakumsimamisha. Alipita mbele yake na king'ora, akayatoa magari barabarani moja moja, akamsindikiza Baldemar upande usio wake mpaka mwisho wa Hidalgo huku wenye maduka wakitoka nje kupunga mikono wakidhani ni gwaride. Mwisho wa barabara Rigo alishuka, akapiga saluti.

"Alama za barabarani siku hizi zinachanganya watu, Don Baldemar. Utusamehe kwa usumbufu."

"Rigo, mwanangu, nimevunja sheria."

"Wewe ulishailipia hii nchi, mzee wangu. Uende salama."

Baldemar alibaki ameshika usukani, leseni mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu kibao kile kifungwe alitaka kulia. Miaka yote walipokuwa wanamwita Punda alijua anapendwa. Sasa wanampigia saluti, na hakuna aliyemsogelea tena hata kumwomba kiberiti. Aliona wazi kwamba hakuna faini itakayomrudishia kitu. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika mji ule ambaye akianza wengine watafuata, ni yule aliyeanza mwanzo, Nicanor. Na Nicanor huwezi kumchokoza kwa barabara ya Hidalgo. Nicanor unamchokoza kwenye biashara yake.

Jumamosi hiyo msimu wa kuwinda swala ulikuwa unafunguliwa. Hiyo ndiyo siku ambayo kila mwanaume wa San Lázaro hukumbuka kwamba matairi yake yamekwisha, na duka la Nicanor hupata riziki ya miezi kwa siku moja. Baldemar alifika kabla hapajajaa. Alileta pikapu yake mpaka kwenye lango la duka, akaigeuza, akaiziba njia yote, bampa la mbele linagusa nguzo hii na la nyuma linagusa nguzo ile. Akazima injini. Akafungua redio.

Magari yakaanza kupanga foleni. Waliokuja na hasira walishuka, wakaona kibao, wakapoa. Mmoja alimpa soda. Mwingine alimshukuru kwa utumishi wake na kumwomba wapige picha. Jua lilipanda, foleni ikafika mpaka kona, na hakuna aliyepiga honi. Nicanor alitoka ndani, mikono ina grisi, akaitazama foleni, akaitazama pikapu, na mshipa wa shingo ulimsimama. Baldemar aliuona mshipa ule akashikilia matumaini yake yote pale.

Nicanor aliingia ndani. Alirudi na kikombe cha kahawa.

"Haina sukari nyingi," alisema. "Kwa ajili ya afya yako, Don Baldemar."

Baldemar alikipokea kikombe, akakiweka juu ya dashibodi. "Panda," alisema.

"Nina wateja."

"Huna. Nimewaziba. Panda humu ndani, Nicanor."

Nicanor alizunguka akapanda, akafunga mlango, akakaa anatazama mbele. Kwa muda walisikiliza redio ikitangaza mbolea.

"Kwa nini umenitupa, compadre?" Baldemar aliuliza.

"Mimi nimekutupa?"

"Miezi sasa hujanitukana."

Nicanor alianza kufuta mikono kwa kitambaa kichafu, kidole kimoja kimoja, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. "Mimi nilikuletea punda kwenye harusi yako. Nimelia kama punda nyuma yako kwa umri wote huu. Kanisani nimelia. Hospitali ulipofanyiwa upasuaji wa goti nilikuja kulia mlangoni, manesi wakanitoa. Na kumbe mguu wenyewe ni wa vita. Siku ile ya kibao nilirudi nyumbani sikula. Mke wangu ananiuliza una nini, nakosa la kumwambia. Nimekucheka jeraha, compadre. Unataka nikuangalie kwa uso gani?"

Baldemar alizima redio. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alidhani rafiki yake anamheshimu, kumbe anaona aibu.

"Siku ile nilipokuja dukani kwenu na fimbo," alisema, "nilikuwa nimekuja kuwaambia ukweli. Nilikuwa nao mdomoni. Nikaona mlivyonitazama, mmeshaandaa nyuso za msibani. Sijui punda alitoka wapi, akatoka. Na nyie mkacheka. Nicanor, nilikuwa sijasikia watu wakicheka vile tangu niondoke hapa."

Baldemar alikisogeza kikombe cha kahawa kwenye dashibodi.

"Tulikuwa watatu kule vitani, kwenye shimo moja la kujikinga na risasi. Wawili hawakurudi kwao. Mtu akinishika mkono kwenye foleni ya nyama akaniambia ahsante, nawaona wote wawili, na nyama hainipiti kooni. Wewe ukilia kama punda siwaoni. Sijui kwa nini. Ndivyo ilivyokuwa, kila jioni, miaka yote. Mguu wa kwenye kibao mimi siujui kuutembelea. Naujua ule wa punda."

Nje, mtu fulani kwenye foleni alijaribu honi, akaambiwa na wenzake aache. Nicanor aliendelea kufuta vidole ambavyo vilikuwa vimeshatakata. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo hakukuwa na punda."

"Hakukuwa na punda."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Mimi. Compadre wako."

"Wewe hasa."

"Yule punda wa harusi," Nicanor alisema, na sasa sauti ilikuwa inapanda, "nilimtafuta wiki nzima. Nilimvika tai ya marehemu baba yangu, akaila. Akanikanyaga kidole gumba mpaka leo hakioti kucha. Mama mkwe wako alinilaani hadharani. Yote hayo nimeyabeba kwa ajili ya teke ambalo halikupigwa, mwongo mkubwa wewe, mwanaharamu usiye na haya, umekaa unanitazama nachechemea kwa kidole changu na wewe unajua."

"Ulikuwa unachechemea vizuri," Baldemar alisema. "Nilidhani unaniiga."

Nicanor alishuka akaubamiza mlango. Baldemar alimwona anavuka uwanja kwa hatua za mtu aliyedhulumiwa, anaingia kwenye bredauni yake, lile gari la kukokota magari mabovu, analiwasha, analirudisha nyuma mpaka mbele ya pikapu. Akashuka na mnyororo. Watu wa kwenye foleni walisogea karibu. Elpidio kinyozi alitokea, taulo begani, mteja wake nyuma yake ana povu nusu ya shavu.

Rigo naye alifika, maana kuna aliyempigia simu. "Don Nicanor, taratibu. Huwezi kulivuta gari la shujaa."

"Shujaa wa vita ni shauri la serikali," Nicanor alisema, akikaza mnyororo. "Mimi namvuta kwa uongo. Huyu mtu ananidanganya tangu kabla baba yako hajaoa. Na ameziba lango langu siku ya wawindaji. Kazi yako kuandika, andika."

Rigo alimgeukia Baldemar, bado ana matumaini ya kuokolewa. Baldemar alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mikono miwili mapajani kama mtoto wa shule, anajitahidi uso usimsaliti.

"Andika, mwanangu," alisema. "Makosa yote ni ya kweli. Na kama una nafasi, ongeza lile la Hidalgo."

Rigo aliandika. Akaichana karatasi akaibana kwenye kioo. Nicanor aliinua pikapu kwa mbele, Baldemar akiwa ndani amelala chali kwenye kiti, miguu inatazama mbingu, akaiburuta kwa barabara kuu yote ya San Lázaro. Wenye maduka walitoka. Wachache walianza kuvua kofia kwa mazoea, na Nicanor akatoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Rudisheni kofia hizo. Huyu hajapigwa na punda, ni mwongo, ametudanganya wote, mwangalieni mguu wake, hata punda angemkataa." Alirudia hayo kila kona, mpaka sauti ikamkauka na meno yakamlegea.

Alilishusha gari kwenye uwanja wa magari yaliyokamatwa, nje ya mji, akafunga geti. Lilikuwa geti la Baldemar mwenyewe, na halikufunga vizuri, jambo ambalo Nicanor hakuliacha lipite hivi hivi.

"Jumatatu uje na mkeo kulichukua," alisema. "Wewe ukisema ni lako, nitaaminije?"

Akapanda bredauni yake akaondoka, hakumpa lifti.

Baldemar alianza kurudi kwa miguu, jua la mchana kichwani, mguu unazunguka nje na kurudi, karatasi ya faini mfukoni. Gari lilipunguza mwendo kando yake. Alikuwa Lalo. Alishusha kioo, akamtazama kuanzia kofia mpaka kiatu, bila haraka.

"Mwongo," alisema, "kwa mguu huo utafika Pasaka." Akapandisha kioo, akaenda zake.

Baldemar alisimama, akashika uzio wa watu ili asianguke, maana alikuwa anacheka na machozi yanamtoka yote kwa pamoja. Mpaka anafika nyumbani yalimpita magari matano, na hakuna hata moja lililompakia.